Karatasi Usiyomsomea Baba Mdogo Kondo

Soga, Jumamosi, baada ya alasiri

Mwanangu Shomari,

Barua ya adabu huanza kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu yangu ni juu yako. Leo siwezi kuanza hivyo. Juu yako sina hofu. Hofu niliyonayo ni yangu mwenyewe, na nimekaa nayo tangu Jumatano ulipoinuka kwenye sinia bila kula.

Mama yako yuko uani anakaanga samaki wa safari yako. Asubuhi aliniambia kwamba hutapanda gari la moshi hapa Soga, utapandia Pugu, kwa kuwa umetaka kulala kwa bibi yako Kisarawe. Hakuona ubaya, maana bibi amezeeka na Uganda si mahali pa kwenda ukarudi wiki hiyo hiyo. Kisha akasimama mlangoni akaniuliza, "Mmegombana nini?" Nikamwambia hatukugombana. Na kweli hatukugombana. Uliniuliza neno moja, sikukujibu, ukabeba sanduku lako ukaenda.

Kwa hiyo kesho nitakuona kwa muda ule mfupi gari linaposimama hapa, kama utapenda kutokeza dirishani. Barua hii nitaitia ndani ya kikapu cha chakula. Mambo ya blanketi, na kwinini, na kutokunywa maji ya stesheni, na kulifunga sanduku kwa kamba kabla ya kufika Tabora, mama yako ameshakuambia na najua kesho atayarudia. Mimi nataka kukujibu lile neno.

Uliniuliza, "Baba, kwenye karatasi ya baba mdogo Kondo kuna nyapara anaitwa Kibwana. Ni wewe?"

Ni mimi.

Nikakujibu, "Kula kwanza, chakula kinapoa." Hayo ndiyo maneno niliyoyapata, mtu mzima wa miaka yangu.

Wewe ulimkuta Kondo ana mguu mmoja, ukakua ukimwona hivyo kama unavyoona mlima au mto, kitu kilichokuwapo siku zote. Mimi nilimjua akiwa na miguu miwili. Tumezaliwa mtaa mmoja Kisarawe, chini ya boma. Babu yako alikuwa na kiduka, chumvi, viberiti, mafuta ya taa, na baba yake Kondo alilima mihogo upande wa pili wa njia. Tulikaa chuo cha Kurani pamoja kwa mwalimu mmoja, tukachapwa kwa fimbo moja. Baadaye mimi nikapelekwa skuli ya serikali miaka mitatu. Kondo hakupelekwa, kwa sababu shamba lilimtaka.

Miaka mitatu ile ilinipa kusoma na kuandika Kiswahili, hesabu kidogo, na maneno ya Kiingereza ya kujaza kiganja. Lakini nilikuwa na sikio. Makarani wa boma walikuja dukani kwa babu yako kununua sigara, wakawa wanasemezana Kiingereza ili tuwaone, nami nikawa nazishika sauti zao. Niliweza kusema "yesi sa" na "veri gud sa" hata mtu aliye nyuma ya mlango angesema huyo ni karani. Kondo alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Akaniambia, "Wewe Kibwana, mdomo wako umesoma kuliko kichwa chako." Tulikuwa watoto, nikacheka na mimi.

Tulikuja huku Soga pamoja, vijana, kukata mkonge. Mwaka wa pili akaja meneja mpya, moja kwa moja kutoka Ulaya, mrefu, mpole, tukamwita Bwana Taratibu kwa mwendo wake. Kiswahili hakujua hata cha kuomba maji. Asubuhi moja tumepangwa mstari, karani Mhindi akauliza kwa niaba yake, nani hapa anajua Kiingereza, anatakiwa nyapara. Watu wakaangalia chini. Kondo alikuwa nyuma yangu. Akanisukuma mgongoni na kuninong'oneza, "Si unajua wewe? Nenda." Nikatoka mbele. Bwana Taratibu akaniambia maneno, sikuelewa hata moja. Nikasema, "Yesi sa."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, na nyumba yenye bati, na baada ya hapo mama yako, maana baba yake alikuwa hataki kumwoza binti kwa mkata mkonge. Hata wewe, mwanangu, umezaliwa juu ya neno lile. Sisemi hivyo ili nikuonee huruma au unionee. Nataka ujue jinsi lilivyokuwa zito kulitua.

Utaniuliza niliwezaje. Kazi ya mkonge haibadiliki. Jana na leo ni ile ile. Bwana alionyesha kwa kidole, mimi nikakisia, na mara nyingi nilikisia sawasawa. Nisipopata, nilisubiri nione anatazama wapi. Watu wakaniheshimu. Wakileta barua ya mahakama au karatasi ya hospitali nawasomea, nasema kitu cha kuwatuliza. Nilikuwa naona nawafanyia wema.

Kisha vita vikaanza Ulaya na mkonge ukatakiwa kuliko chakula. Wewe ulikuwa unaanza kusimama kwa kushika kitanda. Kulikuwa na daraja la miti juu ya kijito, ndipo toroli za mkonge zilipopita kwenda kwenye mashine. Ilinyesha usiku kucha. Alfajiri Bwana Taratibu akaja na koti lake linachuruzika, amepanda pikipiki, ana haraka ya kwenda stesheni kupiga simu. Hakuizima hata pikipiki. Akasema neno moja refu, akanitazama.

Sikulielewa, lakini sauti yake nilibaki nayo sikioni, nami nakuandikia kama nilivyoisikia: kip ze men of ze brij antil ai kam. Nikashika "men", nikajua ni watu. Nikashika "brij", daraja. Nikashika "kam", kuja. Nikayaweka pamoja: watu waje darajani. Mkonge ulikuwa umerundikana shambani unalowa, vita vinautaka, ilikuwa na maana. Nikasema, "Yesi sa." Akaendelea kunitazama, kama mtu anayetaka kuuliza jambo halafu akaona si adabu. Nikaongeza, "Veri gud sa." Akaenda zake.

Toroli ya kwanza ilikuwa na watu watano, Kondo mbele. Walipofika darajani akasimama, akainama akatazama maji. Akaniita.

"Kibwana, haya maji yamekula nguzo. Bwana amesema tupite?"

Nikamwambia, "Bwana amesema."

"Una hakika?"

Nikamwambia, "Anayejua Kiingereza ni wewe au mimi?"

Wenzake wakacheka. Kondo hakucheka, lakini akaivuta toroli.

Daraja halikuvunjika kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Liliinama upande, pole pole, kama mtu anayelala. Wanne wakaruka. Kondo alikuwa katikati ya reli, toroli ikamfuata hadi chini na mzigo wake wote. Mimi ndiye niliyeingia majini kwanza, hilo ni kweli na watu wamelisifu sana. Nilimshika kichwa kisizame. Alikuwa ananiambia, "Mguu siusikii, Kibwana, nitazamie mguu." Dresa wa zahanati akamfunga kwa mbao, akapakiwa kwenye gari la mizigo kwenda Dar es Salaam. Wakamkata juu ya goti.

Mpaka hapo, Shomari, ningeweza kusema niliteleza. Mtu hakusikia vizuri, mwenzake akaumia, Mungu atusamehe. Sitaki uishie hapo unapolifikiria jambo hili, maana mimi nimejaribu kuishia hapo miaka mingi na nimeshindwa.

Baada ya wiki mbili niliitwa bomani Kisarawe, mimi na meneja. Kondo bado yuko hospitali. Wale wanne walikuwa watu wa bara, wa mkataba, hakuna aliyewaita. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya aliyekuwapo wakati ule, alijua Kiswahili safi kuliko changu. Kwa hiyo usije ukadhani ni Kiingereza kilichoniponza. Uongo wangu niliusema kwa Kiswahili, kinywa kitupu, bila mkalimani.

Akaniuliza, "Meneja anasema alikuamuru uwazuie watu wasiguse daraja mpaka arudi. Ulimsikia?"

Hapo ndipo nilipojua nini kilisemwa. Bwana Taratibu alikuwa amekaa pembeni na kofia magotini, ananitazama vile vile kama asubuhi ile. Nikaona mambo mawili. Nikisema sikumwelewa, leo hii mimi si nyapara, na watu wote watajua kwamba sikuwahi kumwelewa hata siku moja. Nikisema nilimwelewa, basi niliwatuma watu kwenye kifo nikijua. Nikatafuta njia ya tatu, nikaipata upesi, na upesi ule ndio unaoniogopesha hadi leo.

Nikasema, "Nilimsikia."

"Ukawaambia watu?"

"Niliwaambia."

"Mbona walipita?"

"Nilimkataza Kondo. Hakusikia, akapita."

Karani akaandika. Ilikwisha hapo. Nilitoka nje nikasimama mbele ya nyumba aliyozaliwa Kondo, ambayo iko hatua chache tu kutoka pale, na mama yake akatoka akaniletea maji ya kunywa.

Kondo aliporudi alikuta kazi hana, na karatasi inamngoja. Imepigwa taipu, ina mhuri. Akaja nayo kwangu kwa magongo ambayo alikuwa bado hajayazoea. "Nisomee, ndugu yangu." Niliishika karibu na macho kama msomaji. Niliyaona majina yetu, langu na lake, mstari mmoja. Nikasema, "Inasema mvua ndiyo iliyovunja daraja. Ni kazi ya Mungu, hakuna wa kulaumiwa." Kondo akasema, "Alhamdulillahi." Akaikunja, akaitia katika kopo la bati, akaniomba nimsaidie kusimama.

Tangu siku ile nimemlimia, nimemwezekea nyumba, kila mavuno nimempelekea mahindi, na wewe mwenyewe umeyabeba mara nyingi. Watu wa Soga wakiapa juu ya urafiki hututaja sisi wawili. Nilikuwa nasikia, nanyamaza.

Sasa kuna jambo lako na langu, ambalo huenda umelisahau. Ulikuwa darasa la tano. Ulirudi skuli na orodha ya maneno ya Kiingereza, mwalimu amesema mkaulize nyumbani. Wenzako walikuonea wivu, kwa sababu baba yako anajua Kiingereza. Nilikuwa nimekaa barazani nanoa panga. Ukanisomea, ukafika kwenye moja: "Baba, antil ni nini?"

Nikakupiga kofi. Nikakwambia usiniletee ya skuli nyumbani. Ulishika shavu, hukulia, uliendelea kunitazama ukijaribu kuelewa umekosa nini. Mama yako akatoka jikoni, nikamfokea na yeye.

Kesho yake nikakusikia ukimwambia mama yako dirishani, kwa furaha, "Mama, antil ni mpaka." Nikaliacha panga, nikatembea hadi katikati ya mkonge pasipo na mtu. Miaka kumi nilikuwa najua bwana alisema nini, lakini sikuwa najua ni neno gani hasa lililonipita. Wewe ndiye uliyeniletea. Lilikuwa neno dogo, la mtoto wa darasa la tano. Kama asubuhi ile ningesema tu, "Bwana, sema tena," angesema tena. Alikuwa mpole. Alikuwa anangoja nimwombe.

Nisamehe kofi lile. Kofi jingine lolote ningeweza kulieleza, lile siwezi.

Mwaka huu uliponiambia unakwenda chuo kikuu huko Uganda kusomea Kiingereza, nilikuuliza mara mbili kama umenieleza vizuri. Nilijua watu husomea udaktari kwa Kiingereza, au ualimu. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa miaka akisoma Kiingereza chenyewe hadi wampe digrii yake. Nilidhani lugha mtu anaijua au haijui. Ukanieleza kuhusu vitabu, na mashairi yao, na jinsi neno moja linavyoweza kuwa na maana tatu, na nikaona uso wako ulivyowaka. Usiku ule nilifurahi, na niliogopa. Nilikuwa nafikiria madarasa hayo, vijana waliolelewa na walimu na machifu, Kiingereza wamekisikia tangu mbeleko. Mwalimu Mzungu atasema neno, wote watatikisa kichwa. Nawe kutoka Soga utatazama kulia na kushoto, na shingo yako itataka kutikisika na zao. Naijua shingo hiyo. Umeirithi kwangu.

Sina la kukufundisha juu ya vitabu. Lakini pale shingo itakapotaka kutikisika, mwone Kondo anainama kutazama maji, ananiuliza nina hakika. Halafu ufanye utakavyoona.

Jumatano Kondo alikuja hapa jioni, wewe umekwenda kisimani. Alikuwa amechangamka. Akaniambia, "Nilitaka kumpa mwanao kazi ya kwanza ya usomi wake. Nimempa karatasi yangu ile ya daraja anisomee Kiingereza chake chenyewe, nisikie kinavyolia. Kashindwa. Anasema wino umefutika." Akacheka. "Wino wa serikali nao unazeeka kama sisi."

Taipu haifutiki hivyo, Shomari. Nilijua umeisoma yote. Nilijua pia kwamba jambo la kwanza ulilolifanya kwa Kiingereza chako, kabla hata hujapanda gari, lilikuwa kumdanganya mtu asiyejua kusoma, kwa ajili yangu. Mimi nilianza hivyo hivyo, kwa kusema kitu cha kumtuliza mtu. Hilo ndilo lililonitoa usingizi siku tatu, kuliko hata wewe kunijua.

Ninaacha kalamu hapa. Nakwenda kwa Kondo sasa hivi kabla ya magharibi, maana nikisubiri giza nitapata sababu ya kesho.

*

Nimerudi.

Nilimkuta barazani anasuka tenga la kuku, magongo yameegemea ukuta. Akasema, "Karibu Kibwana. Naona safari imekuchosha wewe kuliko msafiri." Akanisogezea kigoda. Sikukaa. Nikajua nikikaa nitaanza habari za mvua.

Nikamwambia, "Kondo, karatasi yako wino haukufutika."

Akaendelea kusuka. "Inasema nini?"

"Inasema ulikatazwa kupita darajani, ukapita kwa ukaidi wako. Inasema mimi ndiye niliyekukataza. Ndivyo nilivyomwambia Bwana Shauri. Ndiyo maana hukupewa fidia ya mguu."

Mikono yake ikasimama. "Ulinikataza?"

"Sikukukataza."

"Nilikuuliza una hakika."

"Uliniuliza."

"Na ulikuwa nayo?"

"Sikuwa nimeelewa alichosema. Sikuwahi kumwelewa Bwana Taratibu, Kondo, hata siku moja. Nilikuwa nakisia."

Kuku walikuwa wanaingia kulala, nikawa nawatazama kuku. Kisha akaita ndani, "Mama Zaituni, njoo usikie kitu. Kibwana, rudia."

Nikarudia yote mbele ya mkewe. Mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa najitua, mara ya pili nilikuwa nasikia. Mama Zaituni alikuwa ameshika bakuli la unga ambalo mama yako alimpelekea mchana. Aliliweka bakuli chini, miguuni pangu, akarudi ndani.

Kondo akasema, "Miaka yote hii, ukija na mahindi, mimi husimama kukushukuru. Hata nikiwa na homa, husimama. Kusimama kwangu unakujua ni kazi."

"Nakujua."

"Basi nirudishie shukrani zangu."

Ningemrudishia vipi? Angenipiga kwa gongo ingekuwa rahisi. Alinitazama tu, akingoja kweli kweli nimrudishie.

Baadaye akauliza, "Na mtoto alijua?"

"Alijua siku ile aliposoma."

"Kwa hiyo na yeye kanidanganya."

"Alinionea haya mimi."

"Mimi ndiye niliyempa karatasi, si wewe." Akafikiri. "Mwambie aniandikie. Aniandikie mwenyewe kila neno lililomo, kwa Kiswahili, na jina lako liwemo pale lilipo. Atachukua karatasi nyingine akitaka, lakini asipunguze. Wa kunisomea nitampata mwingine."

Nimetumwa kukufikishia, nimekufikishia. Nilinakili mistari yote kwa mkono wangu pale pale barazani, herufi kwa herufi, nyingi bila kujua maana yake, nawe utaikuta nyuma ya barua hii. Karatasi yenyewe Kondo hakutaka itoke nyumbani kwake.

Nilipotaka kuondoka akaniuliza, "Uliyasema wapi maneno yale?"

"Bomani, Kisarawe."

"Utakwenda ukayaseme pale pale."

Nikamwambia meneja yule ameshakwenda kwao zamani, na Bwana Shauri wa sasa ni mwingine, hatujui. Kondo akasema, "Atatujua." Tukaagana bila kupeana mikono.

Nyumbani nimemweleza mama yako, nikiwa nimesimama jikoni na lile bakuli. Amenisikiliza hadi mwisho huku akifunga samaki kwenye majani. Akasema, "Ndiyo maana mtoto anapandia Pugu." Halafu akafunga na wa pili.

Kwa hiyo sikiliza. Wanaweza kuniondoa kazini, na nyumba hii ni ya kazi. Wanaweza kunifunga kwa kusema uongo mbele ya serikali, sijui sheria yake inasemaje. Mama yako atakwenda kwa bibi yako, hilo tumeliona. Habari yoyote itakayokufikia huko Uganda, usirudi. Usije kunitetea kwa Kiingereza chako, wala usimwandikie mkubwa yeyote. Soma. Ukimaliza mambo ya kuwasili huko, andika ile karatasi ya Kondo, na kama ukitaka, baada ya hapo, uniandikie na mimi. Sitahesabu siku.

Kesho sikuombi ushuke. Ukikaa upande wa pili wa behewa, nitampa kikapu mtu yeyote aliye dirishani akufikishie.

Jumatatu tutapanda gari la Dar es Salaam, mimi na Kondo, tushukie Pugu. Hakukubali niende peke yangu, anasema mara ya kwanza nilikwenda peke yangu. Nikamwambia kutoka Pugu hadi bomani ni kilima kitupu, niache nimtafutie lori, hata la mkaa. Akasema, "Nitapanda kwa magongo yangu. Wewe utatangulia mbele, nikuone."

Ni mimi baba yako,
Kibwana